Jina Bila Pindo

Ngazi ishirini na mbili, Mtaa wa Biashara,
juu ya duka la Nargis wa vifungo na nyuzi,
ndipo tovuti yangu ilipoketi miaka kumi na minne,
ndani ya kompyuta moja yenye feni inayokoroma.

Kila leso mpya ilipofunguliwa marobotani
mimi nilikuwa wa kwanza kuipiga picha:
pindo lake, mji wake, na lile jina
walilolingojea watu kutoka Vanga hadi Maskati.
Aliyetaka kulisoma sharti aje kwangu,
apite penye tangazo la hina, la mabati,
la benki iliyonilipa kwa kila jicho,
ndipo alifikie.
Mlango ulikuwa mmoja, na ufunguo kiunoni mwangu.

Sitajifanya mwema.
Kabla yangu alikuwapo Zulekha Mbwana,
akizunguka Kibokoni na furushi kichwani,
akibisha, akiketi, akikunjua moja moja
huku akimeza kahawa ya watu.
Mwezi mmoja tu, nikamfungia barabara.
Alipanda kuniuliza, "Na mimi nikale wapi?"
Nikamwambia dunia yaenda, bibi, haimngoji mtu.
Nilisema hivyo. Mdomo huu.

Kisha Twaha, kijana niliyemfunza mwenyewe
kufuta vumbi na kuandika msimbo,
akahamia chumba cha kupanga Kisauni
akaunda mlisho.
Mlisho! Neno zuri, lanukia uji.
Ulinijia kila alfajiri kabla sijanawa uso,
ukachukua majina tu, ukayatia simuni mwa watu,
mstari chini ya mstari,
hauna hina, hauna mabati, hauna benki.
Ukalisha mji mzima. Mimi nikashinda na njaa.

Nikampigia: Twaha, waniibia.
Akanijibu kwa adabu, na hilo ndilo lililoniuma:
"Si wizi, shangazi. Mlango ulikuwa wazi.
Mimi nimewapunguzia watu ngazi."

Tulizozana, tukapatana. Nikaupa mlisho jina nusu,
nusu ya pili wapande waifuate.
Baadhi walipanda.
Wengi waliridhika na ile nusu.
Sikujua kumbe mtu aweza kuishi na nusu ya fumbo.

Sasa hata mlisho wa Twaha umedoda.
Kuna mtambo mpya: hutafuti tena, wauuliza,
nao wajibu kama aliyezaliwa Mji wa Kale,
sauti tulivu, sentensi nzima,
haukuonyeshi mlango, hausemi umepita kwa nani.
Benki imeandika barua. Macho yamepungua.
Juzi simu ililia usiku.
"Shangazi," akasema Twaha, "na mimi nikale wapi?"
Nikalitafuta jibu nililompa Zulekha.
Lilikuwa pale pale ulimini. Nikalimeza.

Siku hizi Nargis amenipa pembe ya meza yake.
Leso nilizokuwa nikizipiga picha, nauza.
Jana aliingia msichana wa Changamwe,
dada yake aolewa Ijumaa,
akanisogezea simu: "Nataka yenye maneno haya."

ULOMZIBIA NJIA NDIYE ATAKUONGOZA

"Mtambo wasema ni methali ya kale ya Waswahili,"
akaongeza, "mtungaji hajulikani."

Nilishika meza.
Nililitunga mimi, usiku wa siku ile
Zulekha aliposhuka ngazi zangu akishikilia ukuta.
Nililituma kiwandani bila kutia sahihi,
lilipokuja nikalipiga picha kama la mtu baki.

"Ndiyo," nikamwambia, "la kale sana."
Nikamkatia doti, nikaikunja pindo ndani.
Akauliza bei, lakini kwa kupima tu:
simu yake ilikwisha mwambia,
na ilikuwa chini ya yangu kwa shilingi hamsini.